Helmeti Iliyobaki Usukanini

Mwanangu Shee,

Salamu za mama yako zikufikie huko uliko. Wenye akili wataniambia hukwenda popote, kwamba umelala hapa hapa chumbani juu ya kitanda cha kamba, unatazama boriti. Najua. Nimemaliza kukulisha uji sasa hivi na kukufuta kidevu. Lakini aliyelala hapa si yule aliyetoka kwangu asubuhi ile na kikapu cha mikate ya mofa nyuma ya baiskeli, akiimba wimbo wa harusi kwa sauti mbovu. Huyu hunitazama kama anayetazama ukuta. Nampenda, ni damu yangu. Nampaka mafuta, namgeuza ubavu huu na ubavu huu asifanye vidonda. Moyoni nimemwita ndugu yako, ili nisipotewe na akili. Wewe ndiye ninayekuandikia, yule aliyetoka.

Mimi si mtu wa kalamu, hilo unalijua. Darasa la tatu ndipo nilipoishia, nikaitwa jikoni, na jikoni ndiko nilikobaki. Maimuna, mke wako, amesema nikimaliza ataipiga picha barua hii na kuitia kwenye kundi la simu la wanawake wa Faza, nao waipeleke wapendako. Nimemwambia sawa. Waisome. Nimechoka kuyasema haya kwa masufuria.

Unakumbuka helmeti ilivyoingia nyumbani kwetu? Mwalimu Mutiso, yule wa bara aliyekuwa akifunza hesabu, ndiye peke yake hapa Faza aliyepanda baiskeli na kitu kile kichwani. Watoto walikuwa wakimkimbilia nyuma, "Mwalimu Tikiti! Mwalimu Tikiti!" na yeye anawapigia kengele. Alikuwa akinunua mikate kwangu. Alipopata uhamisho alikuja kuaga, akaivua, akakuvika wewe mbele yangu. Akasema, "Shika, Shee. Wewe ndiye unayekwenda Kizingitini kila siku kwenye yale mawe. Baiskeli ikiharibika utanunua spea. Kichwa hakina spea."

Ulicheka sana. Ulipokuwa unacheka mabega yako yote mawili yalikuwa yakipanda juu kama ya marehemu baba yako. Ukaniambia, "Mama, hebu nipige na mwiko nione." Nikakupiga, ko! Ukasema, "Sikusikia kitu, piga tena." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi kabla hujatoka nabisha kwenye helmeti yako kwa kidole, "Hodi!" nawe unajibu, "Karibu, mwenyewe yumo." Siku hizi sibishi hodi. Naogopa.

Hukuwa mtoto wa kuniudhi. Hata nilipokuwa nakusumbua na woga wangu, mara vaa viatu, mara usinywe maji ya kisima kile, mara tazama breki, ulikuwa unanijibu, "Ndiyo, mama," na unafanya. Watu walisema nimekuharibu kwa kukulea kama yai. Basi nimeona yai likianguka. Sina haja ya kuambiwa na mtu kwamba niliogopa bure.

Kisha ukaposa kwa Bwana Lali. Hapo nilifurahi, sitasema uongo. Maimuna nilimtaka mimi kabla yako wewe. Wakati wa uchumba akakushonea ile kofia nyeupe, tundu kwa tundu, miezi na miezi, hata macho yakamuuma. Alipoileta kwangu niione kabla hujaivaa, niliitia wanga mwenyewe na kuianika juu ya bakuli ili isimame. Ilisimama kama mnara. Nani katika mtaa huu aliyekuwa na kofia kama ile?

Ndipo tatizo lilipoanzia, kwenye kofia na helmeti. Ukivaa kofia, helmeti haiingii. Ukiilazimisha, kofia inavunjika, inakuwa kama mkate uliokaliwa. Na ndia ya kwenda Kizingitini kutoka kwetu inapita mbele ya baraza la mkweo, pale juu, mteremko unapoanza. Mkwe hapiti baraza la babake mkewe juu ya baiskeli kama mpita ndia. Hushuka, hutoa salamu, hutoa mkono, huulizwa habari za nyumbani. Na hutokea mbele yao na kofia, maana kichwa kitupu mbele ya wazee ni utovu wa adabu. Hayo yote nakubali. Mimi ndimi niliyekufunza.

Siku ya kwanza uliposhuka pale na helmeti, walikupokea namna gani? Ulinisimulia mwenyewe jioni, ukijifanya unacheka. Mmoja alisema, "Haya, askari wa kifuu amefika!" Mwingine akakuuliza, "Shee, hicho kifuu nazi yake umekwisha kuikuna?" Baraza zima hoi. Na Bwana Lali, ambaye hakucheka, akangoja wamalize, ndipo akasema lile lake: "Mimi mwanangu nimemuoza kwa mwanamume wa kofia. Sikumuoza kwa kifuu. Yeo iwe mwisho kukiona kitu hicho kitwani kwa mkwe wangu."

Nilikuuliza, "Nawe ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini mama? Nimesema, 'Inshallah, baba.'"

"Na helmeti?"

"Nitafungua ukanda wa kidevuni na kuivua nikifika kisimani, kabla ya baraza. Naitundika usukanini, navaa kofia, napita, nasalimu. Yamekwisha."

"Na mteremko je? Utaivaa tena pale pale, wakikutazama?"

Ukasema, "Mteremko ni mfupi, mama. Nikikunja kona pale chini naivaa."

Shee, neno hilo ninalo masikioni mpaka leo. Mteremko ni mfupi. Ndiyo, ni mfupi. Umetosha.

Asubuhi ile nilikuwa bado naitoa mikate ya pili kwenye tanuri. Bi Esha, jirani yetu ambaye dirisha lake linatazama lile baraza, alikuja mbio bila viatu, buibui analiburura. Alikuwa akijishika kichwa tu, mikono miwili. Nikaacha mofa zikaungua.

Umepita barazani. Umeshuka, umesalimu, umetoa mkono, umeulizwa habari. Umepanda baiskeli na kofia yako nyeupe, ukauachia mteremko. Punda wa maji akatoka kichochoroni na madumu yake, hana mtu nyuma. Ukamkwepa. Ukuta wa mawe ndio uliokupokea. Nilipofika nilikuta mikate imetapakaa ndiani, kuku wanaila. Kofia ilikuwa nyekundu upande mmoja. Na helmeti, Shee, ilikuwa imening'inia usukanini, inatikisika kidogo kidogo. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Tulikupeleka kwa boti, kisha kwa gari, mpaka hospitali kubwa. Nilikuwa nimekushika kichwa njia nzima ili kisigongwe tena, kana kwamba bado kuna la kuokoa. Daktari kijana, msichana tu, alikuja na karatasi akaniuliza kwa upole, "Mama, alikuwa na helmeti?"

Nikamwambia, "Alikuwa nayo."

Akainua uso. "Alikuwa amevaa?"

"Ilikuwa usukanini."

Hakuandika kitu. Alinitazama, kisha akanishika mkono. Yeye hakuniambia ni qadari, kwamba Mungu ndivyo alivyopanga. Wa kwanza kuniambia qadari walikuwa watu wetu.

Na hapa nataka wanisikilize hao watakaoisoma barua hii simuni. Qadari naijua. Naswali swala zangu tano na sijawahi kumuuliza Mungu kwa nini. Lakini tumefunzwa tangu chuo cha Kurani: ngamia mfunge kwanza, ndipo umtegemee Mola. Wewe ngamia wako ulikuwa na kamba yake, umeibeba mwenyewe, na watu ndio waliokufanya uone haya kuifunga. Kisha ngamia akipotea wanakuja kwako na vikombe vya kahawa, "Bi Khadija, vumilia, ni qadari." Wale wale! Aliyekuita askari wa kifuu ndiye aliyenishika mkono kuingia botini siku ile, analia. Machozi yake nimeyaona. Lakini bado sijasikia mdomo wake.

Wananiambia, babu zetu walipanda baiskeli maisha yao yote na hawakuvaa kitu. Ndiyo, na waliokufa hawapo barazani kusema. Wananiambia helmeti ina joto. Joto! Mimi nimesimama mbele ya tanuri la mofa tangu nikiwa msichana, nitafundishwa joto? Wananiambia baiskeli si pikipiki, haina mwendo. Ukuta ule nao hauna mwendo, umesimama pale tangu enzi. Na wananiambia helmeti ni mambo ya watu wa bara. Basi nawauliza, kichwa cha mtu wa bara kina nini ndani ambacho hiki cha kwetu hakina?

Sasa nikupe habari iliyonifanya nishike kalamu.

Bwana Lali amejaaliwa kwenda kuhiji. Na unajua desturi, anayekwenda Makka hupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, asije akasimama mbele ya Nyumba ya Mungu na haki ya mtu shingoni. Alipita mtaa mzima. Kwetu alikuja mwisho. Amekuja baada ya Alasiri, kanzu mpya, fimbo mkononi. Maimuna akamletea kahawa babake, akakaa karibu na mlango wa chumba chako.

"Bi Khadija," akasema, "safari i karibu. Tumeishi mtaa mmoja, tumeoleana, tumekula pamoja. Nimekuya kutaka radhi. Niwie radhi kwa la kusudi na lisilo la kusudi, la mato na la ulimi."

Nikamwambia, "La macho liache. La ulimi lipi, Bwana Lali?"

"La ulimi lolote."

"Ulimi una maneno mangi. Nitajie moja."

Akatabasamu kama anayezungumza na mtoto. "Radhi haitakwi hivyo, Bi. Radhi hutakwa kwa jumla."

Nikasema, "Kwa jumla nauza mikate, Bwana Lali. Radhi natoa kwa rejareja, moja moja, kwa jina lake."

Kikombe kikasimama njiani baina ya sahani na mdomo. Maimuna akainamisha kichwa. Sijui kama alikuwa analia au anazuia kicheko, wewe ndiye uliyekuwa ukijua kumsoma. Babake akatua kikombe. Kisha akasema, "Basi nimuone mkwe wangu."

Nikamfungulia. Tangu yatokee alikuwa anaishia ukumbini, anauliza hali na kuondoka. Akaingia, akasimama kando ya kitanda, akasema kwa ile sauti yake ya barazani, "Shee, mwanangu, hujambo?"

Mwanangu, ndugu yako huyu ambaye hajui njaa wala shibe, aliposikia sauti ile alianza kuhangaika. Miguu ikasukuma shuka, kama anayetaka kushuka mahali. Mikono yake ikapanda, polepole, ikafika chini ya kidevu. Vidole vikaanza kutafuta. Vinatafuta, vinapapasa, vinarudi tena pale pale kooni.

Bwana Lali akasema, "Anawashwa?"

Maimuna akamjibu, "Hawashwi, baba. Anaivua."

Mzee akatafuta pa kukaa, akakosa, akakaa chini kwenye mkeka na kanzu yake mpya. Mimi sikumhurumia. Niseme kweli, nilitaka vidole vile visiache upesi, avione vizuri.

Aliposimama, nikamwambia, "Bwana Lali, kwangu huna kubwa la kufanya. Neno ulilisema barazani, mbele ya vijana. Lirudishe pale pale, mbele ya wale wale. Uwaambie, 'Nilikosa. Mkwe wangu akipita hapa na helmeti amepita na heshima yake, na nyinyi wote vaeni.' Hayo tu. Ukiyasema, radhi yangu unayo, ya mato, ya ulimi, na ya jumla pia."

Akasema, "Inshallah."

Shee, wewe na mimi tunazijua inshallah mbili. Kuna ya mtu anayetegemea Mungu, na kuna ya mtu anayetafuta mlango. Nilingoja nijue hii ni ipi.

Bi Esha alinisikilizia dirishani kwake. Alasiri ya pili, baraza limejaa, Bwana Lali akakohoa, wakanyamaza. Akasema, "Vijana, hizi baiskeli zina hatari." Mmoja akaitikia, "Hatari mwenye kuiondoa ni Mungu, Bwana Lali." Akasema, "Kweli." Akaagiza kahawa.

Basi. Kweli, na kahawa.

Kutoka hapo wanawake wakaniandama. Bi Esha mwenyewe, ambaye ameniletea habari, akaniambia, "Mpe radhi, mwenzangu. Utamwacha mtu aende kutufu Kaaba na haki yako shingoni? Nawe utapata dhambi."

Nikamwambia, "Aende nayo. Akaiseme huko, kama hapa imemshinda."

"We Khadija, moyo wako umekuwa jiwe."

"Si jiwe, mwenzangu. Jiwe ni lile alilogonga mwanangu. Huu ni moyo tu."

Akanawa mikono, akanisaidia kukanda unga.

Siku ya safari yao mji mzima ulikuwa gatini. Mimi nami nikaenda, nikasimama na wanawake. Watu wanalia, wanaomba wakumbukwe kwenye dua. Mahujaji wakashuka ngazi mmoja mmoja kuingia botini, na yule nahodha kijana akawa anapiga kelele, "Jaketi! Jaketi jamani, hakuna anayekaa bila jaketi!" Unayajua yale majaketi ya kuelea, ya rangi ya machungwa. Wazee wetu wote, na kanzu zao na vilemba vyao, wakavalishwa. Bwana Lali lilimkaa vibaya, limemkunja kanzu, limemfika masikioni, kofia imekwenda upande. Nikatazama baraza lake, lilikuwapo lote pale juu ya gati. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema hamtegemei Mungu. Hakuna aliyeuliza kama bahari nayo haina qadari. Wamemtazama mzee wao anafungwa mikanda kifuani na wameona ni jambo la akili.

Aliponiona akanyanyuka. Mbele ya watu wote akasema, "Bi Khadija, hujanijibu."

Watu wakageuka kunitazama. Hata watoto. Nilihisi mkono wa Bi Esha mgongoni unanisukuma. Nikashuka ngazi mbili tatu, nikafika karibu naye. Nilikuwa nimelala na maneno makali, nimeyapanga kama mikate. Yakanipotea yote, kwa sababu macho yangu yalikwenda kiunoni kwake.

"Kaza ukanda wa chini, Bwana Lali," nikamwambia.

"Nini?"

"Ukanda wa chini umeuacha wazi. Ukianguka majini litakuvuka kichwani, wewe uende chini na lenyewe libaki juu. Ukaze. Ufike, uhiji, urudi salama. Nitakuombea kila swala urudi na kitwa chako kizima. Neno lile hakuna mwingine awezaye kulisema, na mimi bado nalingoja."

Akainama. Ikamchukua muda. Lakini akaukaza, kila mtu akiona, na kile kifungo kikalia. Hakuniambia inshallah. Akaketi, nahodha akatia moto mashine, wakaondoka.

Basi sasa wamegawanyika hapa mjini. Wako wanaosema nimemfedhehesha hujaji. Wako wanaosema nimempa radhi kwa mafumbo. Sikumpa. Naandika hapa kwa mkono wangu ili lisigeuzwe: sikumpa. Lakini kumuombea naomba, kila swala, na siombi kwa kinyongo. Namtaka hai.

Wewe ungalimpa, najua. Ungalimpa kabla hajamaliza sentensi, na ungalimshika fimbo akishuka ngazi. Ulikuwa na haya nzuri, mwanangu, na mimi ndimi niliyekulea nayo nikajisifu. Siku hizi nikisikia mama anamsifu mtoto wake kwamba ana haya, namuombea mtoto yule awe nayo kidogo na mdomo kidogo.

Kwaheri, Shee. Nimekuwa nikikusikilizia kengele ya baiskeli kila kukicha, na mlango nauacha wazi, nzi wanaingia. Kesho nitaufunga. Maimuna ananiita, jua limefika kitandani na ndugu yako hawezi kujisogeza. Naenda kumgeuza.

Ni mimi, mama yako na mama yake.